Zamu ya Phagni

"Wewe Birjhu, hilo gari lako linaumwa nini kila alfajiri?"

Birjhu hakuinua kichwa. Alikuwa ameinama chini ya boneti, tochi mdomoni, akikaza kitu ambacho hakikuwa kimelegea. Aliyemwuliza, dereva wa nyumba ya wageni ya jirani, alicheka akampita. Hilo lilikuwa gari la nane. Birjhu akakunja kidole. Likapita la tisa, wageni wake wamejifunga vitambaa usoni kwa sababu ya vumbi. Likapita la kumi. Hapo akafunga boneti taratibu, akajifuta mikono, akashika usukani na kujipanga nyuma yake, wa kumi na moja kwenye foleni ya lango la hifadhi.

"Samahani, Tai," alimwambia mgeni wake. "Sasa limekubali."

"Mimi sina haraka, mwanangu," mgeni akajibu.

Jina lake lilikuwa Sulabha, mwalimu mstaafu kutoka Pune, magharibi mwa India, lakini pale Sajawan, nyumba ya wageni alikofanya kazi Birjhu, kila mtu alimwita Tai, kama watu wa kwao wanavyomwita dada mkubwa. Alikuja kila mwaka wiki mbili za mwisho wa Juni, joto linapochoma na chui milia wanaposhinda majini, kabla mvua hazijafunga hifadhi kwa miezi mitatu. Zamani alikuja na mumewe. Siku hizi alikuja na darubini ya mumewe.

Kila dereva alitaka kuwa wa kwanza langoni. Wa kwanza huziona nyayo za chui milia mchangani zikiwa mbichi, wa kumi na moja huona matairi ya wenzake. Lakini waongozaji wa hifadhi hawachaguliwi. Hukaa kwenye benchi refu kwa zamu. Gari la kwanza humchukua wa kwanza kwenye benchi, la pili wa pili, na kesho yake orodha huendelea pale ilipoishia. Ndiyo maana Birjhu aliamka kabla ya wenzake wote, akapita langoni kwa miguu kama mtu anayetafuta tumbaku, akatazama binti mmoja mwongozaji, Phagni, amekaa wa ngapi, kisha akarudi kuchukua gari na mgeni.

Phagni alikuja akiwa na sare yake ya kijani, nywele zimepakwa mafuta zikasukwa, michoro ya sindano, desturi ya bibi zake, ikionekana kwenye mikono. Akamwinamia Tai kwa viganja vilivyokutana, akapanda kiti cha mbele.

"Wewe tena," akasema.

"Mimi tena."

"Magari arobaini langoni, mimi naangukia hili lenye kiti kilichopasuka."

"Kiti nitakishona."

"Ulisema hivyo wakati wa sikukuu ya Holi."

Lakini alikuwa anatabasamu, na siyo tabasamu la kila siku. Birjhu aliliona, akaogopa kuliuliza.

Alikuwa ameanza kuhesabu tangu maua ya miti ya mahua yalipodondoka mwezi wa Aprili, mara moja au mbili kwa wiki, na hakuona ubaya wake. Ni nani atakayeumia dereva akimpisha mwenzake? Wiki hii ndipo alipohesabu kila siku. Mpishi wa Sajawan alikuwa amemwambia, huku akikata vitunguu, kwamba baba mdogo wa Phagni amempatia bwana mwenye duka la vitambaa Mandla mjini, na kwamba mambo yanakwenda mbio. Birjhu akaapa atasema lililo moyoni. Kila alfajiri alipanga foleni ili apate saa nne za kukaa karibu naye, na kila siku saa zile nne alizimaliza akizungumzia matairi.

*

Saa tatu asubuhi magari husimama penye uwazi katikati ya msitu, wageni washuke wanyooshe miguu. Birjhu alitandika kitambaa juu ya boneti, akapanga mayai ya kuchemsha, mikate ya kukaanga ya puri na achari ya embe. Tai alichukua chai yake akaenda kando kuwatazama tausi.

"Birjhu, nina neno," Phagni akasema.

"Hata mimi ninalo."

"Lako ni la tairi. Litangoja." Akamega puri, asiile. "Unaujua ule mti wa saja nyuma ya shamba letu?"

"Wa Bada Dev."

"Nilikwenda pale Jumatano. Nilipeleka nazi na ubani. Nikamwambia, Bada Dev, Mungu Mkuu, baba mdogo ameniletea mtu wa Mandla, naye si mtu mbaya. Lakini moyo wangu uko kwa mwingine, na huyo mwingine kutwa nzima hasemi kitu. Nikamwomba anionyeshe. Zamu yangu ikiangukia gari la huyo mtu siku tano mfululizo, nitajua."

Birjhu alikuwa ametia yai zima mdomoni. Likasimama palepale.

"Nilitaja tano kwa sababu haiwezekani," Phagni akaendelea, sauti ikishuka. "Magari arobaini, Birjhu. Nilitaka nikatazwe, ili nikaolewe Mandla roho imetulia. Siku ya kwanza nikasema, sawa, hutokea. Siku ya tatu nilishindwa kula. Jana ilikuwa ya tano. Jana jioni nilimwambia baba simtaki yule, na leo baba mdogo amepanda basi la kwanza kurudisha jibu Mandla." Akacheka kidogo, macho yamejaa maji. "Na leo umeniangukia tena, ya sita. Hapo ni Mungu anatania."

Birjhu akameza yai kwa shida.

"Haya," Phagni akasema. "Neno lako."

Alitazama vidole vyake, vilevile alivyokuwa akivikunja gizani. Angeweza kusema pale pale. Tausi walikuwa mbali, Tai alikuwa mbali, na uso wa Phagni ulikuwa umefunguka kama mlango wa nyumba yenye sherehe. Ni nani awezaye kuupiga mlango kama huo teke?

"Neno langu ni hilohilo lako," akasema.

Ilikuwa kweli. Lakini ilikuwa kweli iliyokatwa nusu, na nusu ile nyingine ilibaki kooni mwake pamoja na yai.

*

Pale Sajawan simu zilishika mtandao sehemu moja tu, karibu na tangi la maji. Mchana ule Birjhu alisimama pale juani mpaka shati likalowa.

"Umekula?" Phagni aliandika.

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekunywa uji wa peji. Baba anauliza kwenu mna miungu mingapi."

"Saba."

"Sisi sita. Basi hakuna kizuizi."

Kwao Wagondi, koo zenye hesabu moja ya miungu ni ndugu, hazioani. Wapenzi wangapi wamelia kwa ajili ya namba hiyo.

Simu ikalia tena. "Tazama hesabu za Mungu zinavyotimia," Phagni aliandika.

Birjhu akaandika, "Phagni, kuna jambo." Akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Mara ya tatu akaandika, "Lala salama," ingawa ilikuwa saa nane mchana, akaituma. Phagni akamjibu kwa kumcheka.

Alfajiri iliyofuata alijiapiza kutohesabu. Kisha akajiambia atahesabu mara moja ya mwisho, ili wawe pamoja apate kukiri. Ndivyo dhambi inavyombembeleza mtu: humwomba ruhusa ya mwisho kila siku. Phagni alikuwa wa nne. Birjhu akainama kwenye boneti, akapisha magari matatu.

Walikuwa wameshaingia msituni, jua likianza kupenya kwenye miti, Birjhu akilisukuma neno ulimini, Tai alipojisogeza mbele kati ya viti viwili.

"Phagni, mwanangu, kwa muda mrefu nataka kukwambia. Dereva huyu ana adabu isiyo ya kawaida."

"Ana nini, Tai?"

"Kila alfajiri anawapisha wenzake. Anafungua boneti, anahesabu kwa vidole. Wakitimia, anafunga. Mwanzo nilidhani ni nadhiri. Lakini jana alipisha kumi, leo watatu, juzi kumi na saba. Nikajiuliza, ni nadhiri gani inayobadilika kila siku?"

Phagni alikuwa anaitazama mikono ya Birjhu kwenye usukani.

"Leo nilikuwa wa nne kwenye benchi," akasema polepole. "Jana wa kumi na moja. Juzi wa kumi na nane."

"Phagni..."

"Endesha."

Aliendesha. Tai aligeuza uso huku na huku, akahisi amevunja kitu asichokijua, akajirudisha nyuma kimya.

Hapo ndipo kima mmoja alipokohoa juu ya mti, kile kikohozi cha hatari. Kulungu akaitikia bondeni. Phagni, hata moyo wake ukiwa vile, alikuwa mwongozaji.

"Simamisha. Zima."

Mianzi ikaachana. Chui milia jike akatoka, mzito, hana haraka, na nyuma yake watoto wawili wanaokanyagana miguu. Wakavuka njia hatua kumi mbele ya gari, mmoja akasimama kuwatazama, mama yake akamsubiri. Tai alilia wazi, akisema jina la mumewe. Kwenye viti vya mbele watu wawili walitazama mbele, hakuna aliyemgeukia mwenzake, na baraka ile ikapita mbele yao kama barua ya jirani iliyoletwa kwao kwa makosa.

Langoni Phagni alishuka, akamuaga Tai kwa heshima. Birjhu hakuambulia hata jicho.

Saa sita ujumbe ukaingia penye tangi.

"Usinipigie. Nilimwuliza Mungu, ukajibu wewe."

Alipiga. Ikaita mpaka ikakatika. Alipiga tena, mara ya tatu ikapokelewa.

"Nimekwambia usipige."

"Nisikilize kidogo tu. Sikujua kama umeomba. Nilisikia habari za Mandla nikachanganyikiwa, nikatafuta nafasi ya kusema nawe, basi."

"Najua hukujua. Kwa hilo sikulaumu."

"Basi..."

"Juzi hukujua. Jana je, nilipokwambia? Jana ulijua, Birjhu. Ulikuwa na yai mdomoni, ukanyamaza. Nimemkataa mtu wa watu, nimemfanya baba mdogo apande basi kwenda kuaibika, kwa sababu yako wewe uliyejificha nyuma ya Mungu."

Akakata.

*

Tai alimkuta akiosha gari ambalo lilikuwa limeshaoshwa. Birjhu hakutaka kusema, lakini mwanamke aliyefundisha watoto miaka thelathini na tano anajua kusubiri. Mwishowe akamweleza yote. Tai akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akashika kichwa.

"Ni mdomo wangu."

"Hapana, Tai. Ulisema ulichokiona."

Tai aliutazama mlango wa chumba chake, kile cha pembeni alichokikodi na mumewe tangu walipokuwa vijana.

"Mume wangu alikuwa ananiamsha hapa kabla ya mapambazuko," akasema. "Anasema, Sulabha, amka, nimesikia chui analia. Tunakaa barazani na chai, tunasikiliza. Miaka ishirini na sita. Mwaka wa mwisho, kabla hajafa, alikiri kwangu kwamba hakuwahi kusikia kitu. Alitaka tu tunywe chai wawili kabla watoto hawajaamka."

"Ulikasirika?"

"Sana. Siku nzima. Lakini alisema mwenyewe. Hakungoja nimgundue. Ningemgundua, sijui."

Birjhu akakamua kitambaa, akakitundika, akavaa shati safi. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba ng'ombe wenyewe walikuwa wamelala. Akatembea kilometa tano mpaka kijijini kwa kina Phagni.

Mzee Sumeri, baba yake Phagni, alikuwa chini ya paa la mbele akichonga mpini wa plau. Hakuwa na mtoto wa kiume, na mgongo wake ulikuwa umeanza kumwambia habari zake. Ghanshu, mdogo wake, yule aliyekwenda Mandla, alikuwa amejinyoosha kwenye kitanda cha kamba. Birjhu akawasalimu, akawagusa miguu. Mzee Sumeri akaagiza mgeni aletewe maji na kibuyu cha peji. Mkono wa Phagni ukatokeza mlangoni, ukaviweka chini, ukarudi ndani.

Birjhu hakuugusa uji.

"Baba, nimekuja kusema kosa. Binti yako aliomba ishara, zamu yake iliangukia gari langu siku saba. Si Mungu aliyeiangusha. Ni mimi. Nilikuwa nahesabu magari na kuwapisha wenzangu mpaka nafasi yake inifikie. Sikujua ameomba. Lakini aliponiambia nilijua, nikanyamaza siku nzima. Jibu mlilopeleka Mandla lilisimama juu ya uongo wangu. Mkitaka kulitengua, mimi nisiwe kizuizi. Hata leo nitakwenda mwenyewe kwa wale watu, niseme aibu ni yangu."

Ghanshu akakaa kitako.

"Kumbe Mungu wa nyumba hii siku hizi ana leseni ya udereva," akasema. "Kaka, umesikia? Nimesimama mbele ya wazee wa watu, nimewaambia Bada Dev amekataa. Kumbe aliyekataa alikuwa kwenye boneti."

Birjhu hakujitetea. Mzee Sumeri alipuliza vumbi la mti kwenye mpini, akaupima kwa jicho moja.

"Nani amekutuma uje useme haya?"

"Hakuna, baba."

"Nani mwingine anayajua?"

"Phagni. Aliyajua leo asubuhi, na mgeni wangu mchana huu."

Mzee akageuka taratibu kuutazama mlango.

"Phagni hakutuambia kitu," akasema. "Alirudi, akasema kichwa kinamuuma."

Ndani kulikuwa na ghala la udongo la nafaka karibu na mlango, na mtu aliyesimama nyuma yake alikuwa amezuia pumzi. Birjhu akaelewa, na moyo ukamkata zaidi: hata katika hasira yake, alikuwa amemfichia aibu.

"Mandla hutakwenda," Mzee Sumeri akasema. "Neno likishatoka nyumbani mwangu ni langu. Kunywa peji yako. Ukimaliza, nenda."

Akanywa, akasimama. Mbele ya mlango ule akasema kwa sauti ya kawaida, asijue kama anasikilizwa, "Sitahesabu tena."

*

Zilibaki siku tano hifadhi ifungwe. Asubuhi nne mfululizo Birjhu alifika langoni wa kwanza, kabla hata mlinzi hajapiga mswaki, akasimama pua ya gari ikigusa kizuizi, macho chini asilitazame benchi. Kila siku alipata mwongozaji mwingine. Siku ya kwanza mzee mmoja aliyesinzia. Siku ya pili kijana aliyejua ndege peke yake. Siku ya tatu na ya nne hata hakukumbuka ni nani. Walimwona chui milia kila siku, na meneja wa Sajawan akamsifu mbele ya wenzake kwamba hatimaye amejirekebisha. Sifa ile ilimchoma.

Usiku hakuna aliyeandika, mchana hakuna aliyepiga. Karibu na tangi alikwenda mara moja kila siku, akaitazama simu, akarudi. Na kila alfajiri kabla ya kuwasha gari alifunga macho akasema maneno yaleyale: Mungu Mkuu, sitakuomba unipe. Nakuomba usimlipishe yeye kwa kosa langu.

Tarehe thelathini kulipambazuka na mawingu. Upepo ulinuka mvua. Birjhu alikuwa wa kwanza kama kawaida, na Tai, ambaye basi lake la kurudi Pune lilikuwa jioni ile, alikaa nyuma na darubini yake mapajani. Lango likafunguliwa. Karani akaita namba moja. Birjhu alisikia hatua, mlango wa mbele ukafunguliwa, mtu akaketi juu ya kiti kilichopasuka.

"Mpaka leo hujakishona," mtu yule akasema.

Birjhu akageuka. Akaangalia benchi, akamwangalia tena.

"Phagni, sikuhesabu. Naapa kwa..."

"Usiape. Nimekuona. Siku nne umekuwa wa kwanza kama mtu anayekimbia deni la nafsi yake."

"Basi zamu yako..."

"Zamu yangu ni ya ishirini na tatu." Akafunga mlango. "Wa kwanza leo alikuwa Ramkali. Nimempa mwavuli wangu mpya, tukabadilishana, karani akageuka upande wa pili kwa kuwa ni siku ya kufunga. Leo nimehesabu mimi."

Nyuma Tai alijifanya anafuta lenzi za darubini. Madereva wa nyuma walianza kupiga honi.

"Endesha, watu wanasubiri," Phagni akasema. Birjhu akaendesha mpaka kwenye kivuli cha kwanza cha msitu, na hapo ndipo Phagni aliposema tena. "Siku nne nimekaa kwenye lile benchi nikihesabu nafasi kutoka kwangu mpaka gari lako. Nilikuwa na hasira, na bado nahesabu. Nikajicheka. Jana nikarudi kwenye mti wa saja. Sikupeleka nazi, nilipeleka malalamiko. Nikamwambia, nilikuomba unionyeshe huyu ni mtu wa namna gani, wewe ukamwacha anidanganye."

"Akajibu?"

"Mungu hajibu kama simu, Birjhu. Nilikaa tu. Nikamkumbuka mtu mmoja aliyekuja nyumbani kwetu juani, akamwambia baba jambo ambalo mimi nilikuwa nimeshamfichia. Hakuna aliyemhesabia hilo. Hakuna aliyempisha." Akatazama nje. "Niliomba ishara ya siku tano. Nadhani nilipewa ya siku ya saba, siku uliyokuja kwetu."

Birjhu alisimamisha gari. Si kwa sababu ya kima wala kulungu, msitu ulikuwa kimya kabisa.

"Nisamehe," akasema.

"Nimekasirika siku nne. Tai, ile hadithi uliyonisimulia juzi benchini, mumeo ulimkasirikia siku ngapi?"

"Moja," Tai akasema kutoka nyuma. "Lakini yake ilikuwa chai tu."

Wakacheka wote watatu, na mvua ya kwanza ikaanza kudondoka juu ya majani makavu, tone moja moja, kama watu wanaofika arusini mapema. Hawakumwona chui milia siku ile. Tai aliandika kwenye kitabu cha wageni cha Sajawan kwamba ilikuwa safari bora ya maisha yake, meneja akashindwa kuelewa.

*

Wiki ya kwanza ya Julai, hifadhi imefungwa na madereva wamekwenda makwao, Birjhu alifika tena uani kwa Mzee Sumeri. Safari hii alikuwa na shoka begani na furushi la nguo, miguu imejaa tope mpaka magotini. Kila Mgondi aliyemwona njiani alijua anakokwenda. Kijana anayetaka binti wa nyumba isiyo na mtoto wa kiume huja hivyo, awe lamsena: anaishi pale, analima mashamba ya baba mkwe miaka mitatu, ndipo wanafungishwa ndoa.

Ghanshu alimtazama kutoka kwenye kitanda cha kamba.

"Amekuja kwa miguu," akasema. "Boneti kaiacha wapi?"

Lakini alijisogeza, akampa nafasi ya kukaa.

Mzee Sumeri alikwenda kwanza kuwatazama ng'ombe, akarudi, akamkabidhi ule mpini alioumaliza. Akamweleza kazi. Shamba la juu ni la nafaka ya kodo, la chini ni la mpunga. Ng'ombe wa kushoto ni mkaidi, asipigwe, aimbiwe. Hifadhi ikifunguliwa Oktoba ataendesha wageni asubuhi, jioni atarudi shambani. Na Phagni hataacha kazi yake ya msituni, hilo ni sharti lake mwenyewe.

"Nimekubali, baba."

"Miaka mitatu," mzee akasema. "Si miwili na nusu. Nikikuuliza, uniambie imebaki mingapi. Kuhesabu unajua?"

Birjhu akaficha vidole nyuma ya mgongo. Nyuma ya ghala la udongo mtu aliangua kicheko, akajiziba mdomo, kikamshinda tena.

"Baba," Phagni akasema kutoka ndani, "hilo mwamini tu."